Durban: tunadai kupokelewa, je, sisi tunapokeana?

Na Mwandishi Wetu, Durban

Kanisa Kuu la Emmanuel liko katikati ya jiji la Durban, jirani na masoko ya Warwick, na kutoka mlangoni mwake hadi Msikiti wa Juma wa mtaa uliokuwa ukiitwa Grey Street ni hatua chache tu. Msikiti ulianza mwaka 1881, kanisa likafunguliwa mwaka 1904. Kati ya majengo hayo mawili wanapita kila siku Wazulu wanaowahi teksi za kurudi Umlazi, Wahindi wenye maduka ya vitambaa, Wasomali, Wamalawi, Waethiopia, na sisi watu wa Maziwa Makuu ambao Kiswahili chetu kinasikika pale bila kificho. Mtu akitaka kupima kama Wakristo wanapendana jinsi wanavyohubiri, hapa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nasema hivyo kwa sababu katika makanisa yetu ya wageni hapa Durban hakuna somo linalorudiwa mara nyingi kama hili la kumpokea mwenzako na kumpenda kama alivyo. Linahubiriwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kirundi, katika kumbi za kukodi na madarasa ya shule yanayokuwa matupu Jumapili. Na karibu kila mara mhubiri analielekeza kwa wenyeji: wao ndio hawatupendi, wao ndio wanatuita makwerekwere, wao ndio waombewe. Ni kweli, yapo mengi ya kuwalalamikia, na nitayaeleza. Lakini nina neno jingine pia, na sidhani litawafurahisha wote.

Tuanze na mtu ambaye jina lake liko kwenye jengo lililo ubavuni mwa kanisa hilo, Kituo cha Denis Hurley. Hurley alizaliwa Cape Town mwaka 1915, wazazi wake wakiwa watu wa Ireland. Baba yake alikuwa mtunza mnara wa taa, na kwa muda familia iliishi katika kisiwa cha Robben, miaka mingi kabla Mandela hajafungwa huko. Alifanywa askofu mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 31 tu, na mwaka 1951 akawa Askofu Mkuu wa Durban, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1992. Alipostaafu hakwenda kupumzika, bali alirudi kuwa paroko wa hapo hapo Emmanuel. Alifariki Februari 2004.

Mwaka 1957 serikali ya makaburu ilileta sheria iliyompa waziri uwezo wa kuwazuia Waafrika wasisali katika makanisa yaliyoko maeneo ya Wazungu. Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Cape Town, Geoffrey Clayton, alitia saini barua ya kumwambia Waziri Mkuu kwamba yeye na maaskofu wenzake hawataweza kuitii sheria hiyo wala kuwashauri waumini wao waitii. Siku iliyofuata, tarehe 7 Machi, akafariki dunia. Maaskofu Wakatoliki nao, Hurley akiwa mmoja wa viongozi wao, walitoa waraka mwaka huo huo wakisema kwamba apartheid ni kitu kiovu kwa asili yake.

Watu wengi wanaikumbuka sehemu hiyo tu ya waraka. Sehemu inayonigusa mimi ni ile ambayo maaskofu walijigeukia wenyewe. Walikiri kwamba ingawa ubaguzi haukutambuliwa rasmi ndani ya kanisa lao, ulikuwa umejaa katika vyama vya kanisa, shule, seminari, nyumba za watawa na hospitali. Hawakuishia kuinyooshea serikali kidole. Walisema: na sisi pia, katika nyumba yetu, tunafanya hayo hayo. Kwa Wazungu wengi waliokuwa wakikaa viti vya mbele na kutoa sadaka kubwa, maneno hayo hayakuwa matamu.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa zito, inabidi turudi nyuma miaka 100 kamili. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi huko Cape ilijadili tatizo la Wazungu waliokataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na waumini weusi. Sinodi haikusema kwamba weusi si ndugu. Ilisema kimaandiko inafaa wote wawe pamoja, lakini kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, waumini weusi wanaweza kuwa na ibada yao pembeni. Angalia jinsi mambo makubwa yanavyoanza, ndugu msomaji. Haikuwa chuki ya kutangazwa hadharani. Ilikuwa ruhusa iliyotolewa kwa upole, ili watu fulani wasikwazike. Ruhusa hiyo ikazaa makanisa yaliyotengwa kwa rangi, na wanasiasa wa apartheid walipofika, walikuta mfano uko tayari, tena umebarikiwa.

Sasa tuje kwenye yale ambayo sisi wenyewe tumeyaona.

Mei 2008 fujo dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa hadi Durban. Watu 62 waliuawa nchi nzima. Wasomaji wengi wa nyumbani wanadhani wote waliokufa walikuwa wageni. La hasha. Watu 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Magenge yalikuwa yakimsimamisha mtu na kumwuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyeshindwa kusema indololwane, au aliyelitamka kwa lafudhi nyingine, alihesabiwa mgeni, hata kama yeye na babu yake walizaliwa Limpopo.

Msomaji wa Biblia hapo atakumbuka kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walikaa kwenye vivuko vya mto Yordani wakimtaka kila anayevuka atamke Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka sauti ile ya mwanzo, na kitabu kinasema walikufa 42,000. Hawa hawakuwa maadui waliotoka mbali. Wote walikuwa wana wa Israeli, wakimwomba Mungu mmoja, na kilichowatenganisha ni ulimi tu.

Na sisi tuliotoka Kivu, Burundi na Rwanda tusijifanye tunashangaa. Kwetu pia vilikuwapo vizuizi barabarani ambako mtu aliulizwa maneno, akaangaliwa pua na urefu, akaambiwa apite au akae kando. Waliokaa kando, wengi hawakurudi.

Mwanzoni mwa Januari 2009, katika eneo la Albert Park hapa Durban, kundi kubwa la watu lilivamia jengo walimokuwa wakiishi wageni. Mtanzania mmoja na Mzimbabwe mmoja walikufa baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya juu. Mwaka 2015, kati ya mwezi Machi na Aprili, vurugu nyingine zilianzia upande wa Isipingo, na maelfu ya watu wakalala kwenye mahema ya Isipingo, Chatsworth na Phoenix. Ni jambo la kufikirisha kwamba Chatsworth ndiko wanakoishi mpaka leo wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, wajukuu wa watumwa walioachiwa huru ambao Waingereza waliwaleta kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Wengi wao asili yao ni Wamakua. Waliwekwa kwanza upande wa Bluff, Wakatoliki wakawajengea misheni, Waislamu wa Durban wakawapatia ardhi, kisha katika miaka ya 1960 serikali ya apartheid ikawahamisha kwa nguvu baada ya kuwaandika katika kundi la "Waasia wengine". Waafrika hao wa pwani ya mashariki wakawa Waasia kwa kalamu ya karani! Wageni wa kutoka kwetu wamekuwa wakitafutiwa sanduku la kuwekwa katika mji huu kwa miaka 150.

Mambo hayajaisha. Mwaka 2025 vikundi vya waandamanaji vilisimama kwenye milango ya hospitali na zahanati, ikiwamo hospitali ya Addington hapa Durban, vikikagua vitambulisho na kuwarudisha wagonjwa wa kigeni. Wapo kati ya waandamanaji wale ambao Jumapili wanasali kama mimi na wewe.

Lakini haki lazima isemwe: wakati wa shida zote hizo, milango ya kwanza kufunguliwa mara nyingi ilikuwa ya makanisa. Mwaka 2008 makanisa kadhaa ya Durban yaligeuza kumbi zao kuwa malazi. Kituo cha Denis Hurley kilifunguliwa Novemba 2015, miezi michache baada ya zile vurugu, na kimekuwa na zahanati, chakula cha wasio na makazi na masomo kwa wakimbizi. Wanaopika na kugawa chakula pale si Wakatoliki peke yao, wapo Wahindu na Waislamu pia.

Kule Johannesburg, Kanisa Kuu la Methodisti chini ya Askofu Paul Verryn lilipokea zaidi ya watu 1,000 kwa usiku mmoja, wengi wao kutoka Zimbabwe, wakalala kwenye ngazi, kwenye varanda na katikati ya viti vya ibada. Hali hiyo iliendelea kwa miaka, hadi mwisho wa mwaka 2014. Naitaja habari hiyo kwa sababu waumini wa siku nyingi wa kanisa lile walilalamika sana, na malalamiko yao hayakuwa ya kijinga. Vyoo vilizibwa, ngazi zilinuka, wezi waliingia pamoja na wenye njaa. Baadhi ya waumini walihamia kwingine. Ukimsikia mhubiri anasema tumpende mtu kama alivyo, fahamu kwamba "kama alivyo" maana yake ni pamoja na uchafu wake, kelele za watoto wake na ile tabia yake ya kuazima asirudishe.

Sasa neno nililoliahidi.

Katika makutaniko yetu wenyewe hapa Durban, mtu mpya akifika Jumapili anakaribishwa kwa furaha, anasimamishwa, anapigiwa makofi. Ibada ikiisha, mtu anamvuta pembeni na kumwuliza: "Kwenu ni wapi hasa?" Akijibu Uvira, swali linaendelea: Uvira gani, ya mjini au ya milimani? Baba yako anaitwa nani? Kwa masikio ya mtu wa kando hayo ni maongezi ya kawaida ya watu waliotoka mbali na nyumbani. Sisi tunajua sivyo. Kile ni kiwiko cha Kizulu kimevaa suti ya Jumapili. Akishajulikana kama ni Mbembe, Mfulero, Mnyamulenge, Mhutu au Mtutsi, mara nyingi ataelekezwa, kwa upole kabisa, kwamba kuna kanisa lingine mtaa wa pili ambako "atajisikia nyumbani zaidi". Kwa upole, kama ile sinodi ya mwaka 1857.

Sisemi kusali kwa lugha ya mama ni kosa. Bibi aliyefika juzi kutoka Fizi hajui Kiingereza wala Kizulu, na Mungu hahitaji mkalimani. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunakijua Kiswahili, tungeweza kusali pamoja bila shida, lakini tunagawanyika tena na tena. Mchungaji akitofautiana na wazee wake, atakayeondoka ataondoka na kabila lake. Baada ya miezi mitatu kuna ubao mpya ukutani na jina refu la Kifaransa.

Najua kwa nini. Majeraha ni ya kweli. Kati ya Desemba 1998 na Januari 1999, mamia ya watu, wengi wao Wabembe, waliuawa Makobola, kusini ya Uvira. Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba upande wa Burundi. Mtu aliyefiwa Makobola na mtu aliyefiwa Gatumba wanaweza wakakutana leo katika ukumbi mmoja wa Durban, wakaambiwa wapeane mkono wa amani. Asiyeona ugumu wa mkono huo hajafiwa.

Mtume Paulo alilijua jambo la namna hii. Mwaka 49 hivi Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Rumi. Habari hiyo imeguswa katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunapokutana na Akila na Prisila wakiwa Korintho. Klaudio alipokufa mwaka 54, waliofukuzwa walianza kurudi. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba Wakristo Wayahudi waliporudi walikuta makanisa ya nyumbani yako mikononi mwa watu wa mataifa, chakula kimebadilika, sikukuu zimebadilika. Waliorudi wakawa wageni katika mji wao. Ndipo Paulo akawaandikia, katika sura ya 14 na ya 15 ya Warumi, kwamba mla nyama na mla mboga wasidharauliane, na kwamba wapokeane jinsi Kristo alivyowapokea wao.

Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union inayotumiwa na wengi, imetumia pale kitenzi cha kukaribishana. Ni neno zuri kuliko tunavyodhani. Halisemi mvumiliane. Kumvumilia mtu unaweza ukiwa ng'ambo ya barabara. Kumkaribisha ni kumleta karibu, aingie, akae, ale sahani moja na wewe. Na Paulo hakuweka sharti kwamba mla mboga aanze kwanza kula nyama.

Hapo kuna ndugu watauliza: basi kila kitu kikubaliwe? Mlevi abaki mlevi, mwizi abaki mwizi? Swali ni la haki, ingawa nimeona linaulizwa zaidi juu ya msichana aliyezaa bila ndoa kuliko juu ya mzee wa kanisa anayewadhulumu vijana wanaolinda magari kwa niaba yake. Paulo huyo huyo, kwa mujibu wa Wagalatia sura ya 2, alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia. Kosa la Petro lilikuwa nini? Alikuwa akila na watu wa mataifa, kisha walipofika wageni kutoka kwa Yakobo akajitenga, akahama meza. Kwa hiyo kukemea kupo katika imani yetu, na mojawapo ya makemeo makali ya Agano Jipya lilihusu mtu aliyehama meza. Hurley naye hakuwafukuza kanisani Wazungu waliopenda apartheid. Aliwapa komunyo, akawaambia wazi kwamba wanachokiunga mkono ni kiovu. Aliwapokea wao, hakupokea apartheid yao, na alivumilia hasira zao kwa zaidi ya miaka 30.

Wapo waliolipa zaidi ya hasira. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, waasi waliingia seminari ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi kusini mwa Burundi. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakauawa 40. Wengi wanaisimulia habari hiyo kama muujiza wa asubuhi moja, na hapo ndipo tunapokosea. Gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, ameeleza katika kitabu chake jinsi seminari ilivyoishi tangu rais Ndadaye alipouawa mwaka 1993: walikaa na wanafunzi wakazungumza mambo ya makabila waziwazi, Wahutu na Watutsi wakisikilizana hofu zao, wakacheza ngoma pamoja, wakasali pamoja. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka zaidi ya mitatu. Vijana wale walikuwa na umri ambao kwetu tungesema bado watoto, na walijua kabila la kila mwenzao bila kuuliza. Hawakujifanya hakuna Mhutu wala Mtutsi. Walikubali kuwa kila mmoja ni alivyo, wakabaki pamoja.

Sisi hapa hatuna waasi mlangoni. Tuna mambo madogo zaidi: nani asome somo, kwaya iimbe kwa lugha gani, nani achaguliwe kuwa mzee, na zaidi ya yote, misiba. Mgeni akifa Durban, kurudisha mwili nyumbani ni gharama kubwa mno, na hata kuzika hapa hapa si kazi ndogo. Michango hupitishwa, na kwa miaka mingi desturi imekuwa kwamba kila kabila linakuwa na daftari lake. Mwenye watu wengi anazikwa vizuri. Mwenye kabila la watu sita mjini, wake wanahangaika.

Katika kutaniko moja ninalolifahamu, akina mama wauza vitenge walichoka na jambo hilo. Alifariki Mrundi ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja hapa, na mjane wake alikuwa na siku chache tu tangu ajifungue. Akina mama hawakuitisha semina ya upatanisho wala hawakumwita mchungaji. Walinunua daftari moja la shule, wakaandika jina la marehemu juu, wakaanza kupita mlango kwa mlango Albert Park, Point na Umbilo, kwa Wabembe, kwa Banyamulenge, kwa Wanyarwanda, hata kwa Mzulu mmoja mwenye nyumba aliyetoa randi 200 na kuuliza mazishi ni lini. Baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba daftari moja litaleta mchanganyiko katika hesabu. Halikuleta. Daftari hilo limeshajaa, na sasa wameanza la pili.